Mama yangu ni diwani, wiki nzima inaishia misibani na kwenye michango, nyie wenzangu mnafanyaje?

Binti Bonde:

Habari za jioni wakuu, wakubwa shikamooni. Naombeni ushauri kwa aliyewahi kuwa diwani au anayeishi na diwani nyumba moja maana mi nimefika mwisho.

Mama yangu ni diwani wa kata huku Muheza, ndo muhula wake wa kwanza. Kata ina vijiji vinne, viwili viko juu huko njia ya kwenda Amani ambako mvua ikinyesha bodaboda mnashuka mnaisukuma. Mi ni binti yake wa pili, nina kibanda cha wakala hapa senta kwaiyo hela anayotoa kwenye simu naiona mimi mwenyewe na hela anayokopa naijua pia, kwa sababu ananikopa mimi. Simlalamikii mama yangu, watu wasinielewe vibaya, nampenda na najivunia sana, ile siku alipotangazwa nililia mpaka sauti ikakauka. Ila nikiangalia wiki zake zinavyokwenda naogopa.

Niwasimulie wiki moja tu, hii iliyopita. Jumatatu saa kumi na moja alfajiri hodi mlangoni, mama mmoja mwanae kachaguliwa kidato cha kwanza, ada ilishafutwa tangu 2016 lakini sare na daftari na godoro la bweni mzazi ananunua mwenyewe, na Januari mnaijua ilivyo. Mama akampa hela ya sare, elfu kumi na nane. Hajamaliza chai kaja mzee na kesi ya mpaka wa shamba, jirani kasogeza minazi. Mama kaenda mpaka shambani kuangalia, karudi saa nane mchana hajala. Jioni akaenda mashineni kusaga, kule foleni ya mashine nako wakamshika, huyu transfoma, huyu mtoto kafukuzwa shule, karudi na ndoo ya unga saa mbili usiku.

Jumanne alitakiwa akae na mtendaji kupitia taarifa ya kata, ikaja simu kuna mgonjwa kijiji cha juu anatakiwa ateremshwe hospitali. Mama akatafuta boda wa kumbeba akalipa, na bibi yetu ambaye ana presha na siku ile alikuwa na kliniki nikampeleka mimi nikafunga kibanda. Jumatano msiba. Alhamisi asubuhi msiba mwingine, na hiyo Alhamisi saa tatu alikuwa na kikao cha Kamati ya Elimu, Afya na Maji kule halmashauri, akasema apitie msibani mara moja tu ahani aondoke. Wakuu, msibani hakuna mara moja. Wakamkalisha, wakamwomba aseme neno, akafika kikaoni saa sita kasoro. Mapendekezo ya bajeti upande wa afya yameshapita, na boma la zahanati la kijiji chetu cha juu halimo kwenye orodha ya maboma ya kumaliziwa.

Lile boma nyie hamlijui. Watu wamebeba matofali kichwani. Akina mama walikuwa wanapandisha mchanga kutoka mtoni kwa ndoo za lita kumi, kila kaya na siku yake, wamefika kwenye lenta wakaishiwa wakasema sasa serikali itusaidie bati na milango. Sa hivi ndani imeota mihogo. Mama mjamzito kutoka kule anashuka kwa pikipiki mwendo wa saa nzima. Mama aliomba kura kwa lile boma.

Ijumaa alishinda kimya. Jumamosi fainali ya vijana, mgeni rasmi yeye, akanunua mpira. Jumapili harambee ya kanisa na sisi ni Waislamu lakini ni watu wake wote, akaenda, akatoa elfu hamsini kwa sababu aliyetangulia kutoa pale alitangaza laki.

Ana kauntabuku nyeusi anaandika kila kitu. Nilijumlisha usiku wa Jumapili yeye kalala: sare 18,000, boda wa mgonjwa 15,000, msiba wa kwanza 20,000, wa pili 10,000, mpira 35,000, kanisa 50,000, boda zake mwenyewe wiki nzima 28,000. Jumla 176,000. Hiyo ni wiki moja.

Swali langu, nyie mnapangaje? Anaachaje kwenda msibani bila watu kusema amepata cheo ametusahau? Na lile boma ndo basi tena au kuna njia?

Msumari wa Mbao:

Pole sana dada. Mi naona mama ajifunze kusema hapana, mbona rahisi tu. Siku ya kikao azime simu. Diwani hajachaguliwa kuwa mfuko wa rambirambi, kachaguliwa akaseme kule halmashauri, sa kama hajafika kusema kura za watu zimefanya kazi gani? Najua inauma lakini lile boma ndo msiba mkubwa kuliko hiyo miwili.

Mjukuu wa Kiroka:

Msumari hujawahi kuomba kura kijijini wewe.

Binti Bonde mwanangu, marahaba. Mimi nilikuwa diwani 2015 mpaka 2020, mkoa wa Morogoro, kata ya mlimani kama ya mama yako. Nimesoma ulichoandika nikamwita mke wangu nikamwambia njoo usome, akasoma akanyamaza akasema hii ni nyumba yetu. Kwaiyo nitakuandikia kwa urefu kidogo unisamehe.

Kwanza la hela. Kipindi changu posho ya mwezi ilikuwa 350,000, na ilikuwa inatoka kwenye mapato ya ndani ya halmashauri, ikichelewa unakaa miezi. Tangu mwaka wa fedha 2021/22 serikali kuu ndo ikaanza kuwalipa madiwani wa halmashauri zenye mapato madogo, wenzetu wakapata afadhali ya kujua tarehe. Ukiweka posho ile ya wakati wangu na hiyo 176,000 ya mama yako, nusu ya mwezi imekwenda ndani ya siku saba. Mimi niliuza ng'ombe wawili, nikaja kuuza na shamba la ekari moja na nusu, mke wangu alisaini huku hanitazami usoni. Nakwambia ili mama asifike huko. Kauntabuku anayo, hilo ni jambo kubwa kuliko mnavyodhani, mi sikuwa nayo, nilikuwa natoa tu mfukoni, nikashtuka mwaka wa tatu.

Nilichokuja kukifanya nikakaa na wazee wa kata, sio wa chama tu, imamu alikuwepo, mchungaji alikuwepo, wenyeviti wa vijiji wote, nikawaeleza posho yangu ni shilingi ngapi. Nikaitaja. Watu walikuwa wanadhani diwani analipwa kama mbunge, mzee mmoja aliinuka akauliza mara mbili, "kwa mwezi au kwa wiki?" Tukakubaliana msiba wowote ndani ya kata mimi nitatoa kilo tano za mchele, basi, awe tajiri awe maskini, na kama nina kikao namtuma mwenyekiti wa kitongoji apeleke kwa jina langu, mi nitakwenda kuhani jioni au siku ya tatu. Ukienda siku ya tatu watu wamepungua, mfiwa ana nafasi ya kuongea na wewe, ile siku ya mazishi hata hakuoni vizuri.

Sasa la boma, na hapa mwambie mama aache kulala. Halijafa. Kamati ile haimalizi bajeti, inapendekeza. Ikitoka pale inakwenda Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, halafu ndo Baraza la Madiwani lote linakaa kuipitisha. Ana nafasi mbili bado. Ila asiende mikono mitupu kusema "wananchi wangu wanalia", kila diwani wananchi wake wanalia. Aitishe Kamati ya Maendeleo ya Kata, yeye ndo mwenyekiti wake kisheria na mtendaji wa kata ndo katibu, wakae na wenyeviti wa vijiji, waandike muhtasari kwamba kipaumbele namba moja cha afya kwenye kata ni lile boma, waambatanishe thamani ya nguvu za wananchi, matofali mangapi, mchanga tripu ngapi, siku za kazi, na picha. Picha ya hiyo mihogo iliyoota ndani aiweke. Wasaini, wagonge muhuri, ipelekwe kwa mkurugenzi kabla ya kikao na nakala kwa mganga mkuu wa wilaya. Halafu amfuate mwenyekiti wa halmashauri mapema, sio mlangoni siku ya kikao. Na amweleze mbunge, mbunge naye ni mjumbe wa baraza.

Mimi zahanati yangu moja niliikosa mwaka wa kwanza kwa kosa hilihili la mama yako, sikuwa msibani, nilikuwa kwenye harusi. Nimekaa na hilo jambo miaka.

Binti Bonde:

Baba asante mno. Nimemsomea mama sauti ya juu, kafika pale kwenye "kwa mwezi au kwa wiki" kacheka, kwenye ekari moja na nusu kanyamaza. Anauliza walikubali kirahisi hivyo hao wazee?

Mjukuu wa Kiroka:

Hapana hawakukubali kirahisi. Wako waliosema najificha. Miezi kama mitatu ilikuwa migumu, nikipita dukani naona salamu imepungua. Ila kilo tano zikawa zinafika kila msiba bila kukosa, hata msiba wa mtu aliyekuwa ananitukana kwenye vijiwe, na hilo ndo liliwanyamazisha.

WEO Mwanamama:

Naingia mimi ni mtendaji wa kata, mkoa sitautaja. Dada naona mambo mengi yanayomchosha mama hata sio yake, na hili ni kosa letu sisi watendaji pia kwa sababu hatuwaelimishi watu, mtu akiwa na shida anaona diwani ndo kila kitu.

Mpaka wa shamba, mama hakutakiwa kwenda kukagua minazi. Lianzie kwa mwenyekiti wa kitongoji na halmashauri ya kijiji, lisipoisha liende baraza la kata, na hata baraza la kata tangu sheria ibadilishwe 2021 linasuluhisha tu halitoi hukumu, wakishindwana wanakwenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Diwani akikanyaga shambani kabla ya hao, upande mmoja lazima useme amependelea, na hiyo kesi atalala nayo miaka mitano. Nimeona kwa macho yangu diwani mzuri kabisa akipoteza kitongoji kizima kwa mnazi mmoja.

Barabara ikiharibika ni TARURA, wapo tangu 2017, maji vijijini ni RUWASA, hao walianza 2019. Mama anachotakiwa ni kuwa na namba za meneja wa hao watu wilayani na kuandika barua, barua iwe na kumbukumbu namba, sio kupiga simu tu akaambiwa "tunalifanyia kazi mheshimiwa". Simu haina faili. Ukija kusimama kwenye baraza ukasema niliandika tarehe fulani na hii nakala, hapo hata mkuu wa idara anakaa vizuri kwenye kiti.

Hela za sare na mitaji midogomidogo nazo, huko halmashauri kuna asilimia kumi ya mapato ya ndani inakopeshwa bila riba, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Yule mama wa sare ukimpa elfu kumi na nane mwakani atarudi, mpeleke kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata aingie kwenye kikundi. Najua sio haraka, kikundi kinasajiliwa, kinafunguliwa akaunti, kinaandika mradi, na wengine wanakata tamaa njiani, lakini diwani akilisimamia hilo kwa vikundi vitano tu kwenye kata watu wataona.

Na mwambie mama jambo moja la mtu anayefanya kazi na madiwani kila siku, taarifa ya kata asisubiri mtendaji amkabidhi asubuhi ya baraza akaisome kwa mara ya kwanza pale mbele. Wengi wanafanya hivyo. Sisi tunaiandika tukiwa tumechoka, tunanakili ya robo iliyopita tunabadilisha tarehe, nasema ukweli. Aje ofisini siku nne kabla, akae na mimi kwenye benchi, aulize hii pampu mmeandika inafanya kazi, inafanya kazi kweli?

Mama Tatu Kwa Mpigo:

Jamani mi naomba niseme kitu tofauti kidogo, sina cheo chochote mi ni mkulima tu na nauza vitumbua. Mnavyosema misiba inampotezea muda mi sikubaliani hata kidogo. Sisi wanawake wa kijijini mkutano mkuu wa kijiji ukiitishwa tunakaa nyuma, wanaume ndo wanaongea, ukinyoosha mkono unaambiwa subiri, ukisubiri mkutano unaisha. Ila msibani tupo kwenye masufuria pale, tunachambua mchele tunamenya viazi, pale tunasema kila kitu. Diwani wetu wa zamani alikuwa mwanaume, akija msibani anakaa kule kwenye mkeka wa wanaume anaondoka, hajawahi kujua.

Huyu tuliyenaye sasa ni mwanamke, siku moja alikuja kwenye arobaini, akakaa na sisi akachukua kisu akaanza kukata vitunguu, akauliza tu hivi nyie maji mnachota wapi siku hizi mbona ndoo zina udongo. Tukamwambia pampu imekufa mwezi wa pili huu. Na kwenye karatasi zao ilikuwa imeandikwa nzima! Alishtuka akaacha kisu. Ndani ya wiki mbili fundi alikuja. Sasa angekuwa ametuma kilo tano za mchele na mwenyekiti wa kitongoji hiyo pampu angeijua nani? Mwenyekiti mwenyewe anatumia kisima cha kwao.

Kwaiyo dada mi namuunga mkono mama yako kwenda, ila asikae kwenye kiti cha mheshimiwa, akae kwenye masufuria. Na hela asitoe, sisi hatuhitaji hela yake, tunahitaji asikie.

Msumari wa Mbao:

Mama hapo umenigusa, nafuta kauli. Ila siku ya kikao je?

Mama Tatu Kwa Mpigo:

Siku ya kikao aende kikao. Mfiwa akielezwa vizuri ataelewa, mtu kafiwa sio kwamba amekuwa mtoto. Aende jioni, masufuria jioni yapo, tena ndo tunaosha.

Pwani Kusini:

Salaam kutoka Kwale, Kenya. Huku kwetu tuna MCA, wale wa bunge la kaunti, wako tangu 2013 ugatuzi ulipoanza, wadi 1,450 nchi nzima. Nimesoma hii nikaona ni yale yale, tofauti ni kwamba huku wetu wana ofisi ya wadi na watu wa kuwasaidia, mtu akija na shida anakutana na karani kwanza, anaandikwa. Lakini hata hivyo watu huruka ofisi wakaenda nyumbani kwake usiku, haswa msimu wa basari, ile misaada ya karo, mwezi wa kwanza, foleni mpaka barabarani.

MCA wetu wa kwanza alifanya jambo moja nililipenda. Kila Jumatatu asubuhi alikuwa anakaa chini ya mwembe pale karibu na soko, meza na viti viwili, saa mbili mpaka saa sita. Watu wakajua. Ukimpigia Jumatano anakuambia kama si ugonjwa wala moto nitafute Jumatatu kwa mwembe. Mwanzo watu walinung'unika wakasema anaringa, baadaye hata ng'ambo ya mto walikuwa wanapanga safari za sokoni siku hiyo. Na ile kusikilizwa mbele za watu ilipunguza uongo, mtu hawezi kusema mtoto hana karo na jirani yake ameketi hapo akijua ameuza ng'ombe jana. Huenda mama akajaribu, haina gharama.

Kijana wa Senta:

Mi ni kapteni wa timu ya mtaani, hizi timu zinazoomba mipira. Kusema kweli tulikuwa hatujui. Tunaona mtu mheshimiwa, gari ya halmashauri inamshusha siku ya kikao, tunajua hela ipo. Sisi mpira mmoja tungechangishana elfu mbilimbili watu kumi na nane tunanunua, tena chenji inabaki. Tunachohitaji kwa diwani ni kiwanja chetu kipimwe kisije kuuzwa maana kila mwaka kinamegwa upande wa kona, sasa kona tunapiga tumesimama kwenye bustani ya mchicha ya mtu. Hilo hatuwezi kuchangishana. Dada mfikishie mama, vijana wa kwenye kata yake pia huenda wanafikiri hivyohivyo akiwauliza.

Mke wa Mheshimiwa:

Mi ni mke wa diwani mwaka wa sita sasa. Wote mmesema vizuri ila hakuna aliyeuliza mama anakula saa ngapi.

Binti, mume wangu alianguka kikaoni mwaka juzi, sukari, alikuwa hajui kama anayo. Alikuwa anatoka saa kumi na mbili na kikombe cha chai ya rangi anarudi saa tatu usiku. Wanaume angalau wakirudi wanakuta chakula. Mama yako akirudi anasaga, anapika, anamuogesha bibi. Wewe na ndugu zako gawaneni zile kazi, unga usagwe na kijana, kuni au gesi iwe juu ya mtu mmoja anayejulikana. Na ule mlango wa saa kumi na moja alfajiri, awe anafungua mwingine, anakaribisha, anaweka chai, anasema mama anavaa. Hiyo nusu saa ya kuvaa ni yake. Mi nimemlindia mume wangu hiyo nusu saa mpaka leo na wageni wamezoea, wanakunywa chai wanaongea na mimi, na nusu ya shida zao zinaishia kwangu pale pale mkekani.

Apime presha na sukari. Kama bibi ana presha na yeye apime.

Binti Bonde:

Wakuu nimerudi, wiki imepita samahani kwa kimya, kibanda kilikuwa na watu wengi mwisho wa mwezi.

Nimemsomea mama zote, nyingine mara mbili. Ya masufuria alisimama akaenda nje. Karudi akasema huyo mama wa vitumbua nimsalimie sana, na kwamba hata yeye zile habari za boma kuwa limeota mihogo alizisikia akiwa anakamua nazi kwenye shughuli ya watu, sio kwenye kikao. Kwaiyo misiba haachi. Ila wiki hii kulikuwa na mmoja Jumatano na yeye alikuwa na miadi na mtendaji, akampigia mfiwa mwenyewe akamweleza, akaenda jioni. Karudi saa nne usiku mikono inanuka jiki, ameosha masufuria. Hakuna aliyemsema. Mfiwa alimshika mkono muda mrefu, kasema watu walikuwa wameshaondoka nyumba imekuwa kubwa.

Wazee ameshakaa nao Jumapili, akataja posho yake. Baba wa Kiroka, na huku pia mtu aliuliza mara mbili! Hawajakubaliana bado kiwango, wanabishana mchele au sukari, ila imamu ndo wa kwanza kusema mama asitajwe tena kwenye harambee kama mgeni rasmi bila kuulizwa kabla. Mwembe nao umepatikana, ni mkorosho kusema kweli, karibu na mashine ya kusaga, Jumanne asubuhi.

Presha alipima, iko juu kidogo. Kaka yangu ndo anasaga sasa.

La boma: walikaa na mtendaji siku mbili. Mwenyekiti wa kijiji cha juu alishuka na daftari lake la zamu za mchanga, kumbe aliandika kila kaya na ndoo zake tangu siku ya kwanza, majina yote, wengine wameshafariki. Mama alilishika lile daftari kama msahafu. Wamehesabu wamepata idadi ya ndoo, wamebadilisha kuwa tripu, wamepiga picha boma nje na ndani. Vijana walitaka kung'oa mihogo kwanza ipendeze, mama akawakataza akasema hapana, wacha waione.

Kesho saa tatu Kamati ya Maendeleo ya Kata inakaa kusaini, keshokutwa muhtasari unapelekwa kwa mkurugenzi. Sa hivi yuko hapa kibandani kwangu ananisomea taarifa yote kwa sauti, mimi nakatisha wateja, kila akifika ukurasa wa pili pale kwenye zahanati anaongea haraka namwambia mama rudia polepole. Boda wa kumpeleka nimeshamlipa kwa mwezi mzima, bei imepungua. Nitawaambia itakavyokwenda.